Panka ya Ndani na Panka ya Nje: Mazungumzo kwa Watumishi na Wakaazi wa Namungo

Yafuatayo ni matini ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara alipokuwa mgeni wa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Namungo, katika nchi ya Ruangwa na Nachingwea, Mkoa wa Lindi. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya watumishi na wakaazi wa Unguja na Pemba, ambao nao wanahusika na kila lililosemwa humu.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo baadhi yenu, nilipolitaja jana, mlicheka kwa adabu: namna ya kuchagua panka. Sikukasirika. Mtu aliyetoka visiwani, akavuka bahari na kusafiri mpaka huku, angetarajiwa azungumzie jambo zito zaidi. Lakini naomba mnivumilie kidogo, kwani jambo hili lina fedha za Serikali ndani yake, lina usingizi wa watoto, na mara nyingine lina roho za watu.

Nianze na jina. Sisi kule twasema panka, neno lililotujia kutoka Bara Hindi. Nyinyi wengi mwasema feni, na wazee wenu nimewasikia wakisema pangaboi. Neno hili la mwisho lina historia yake. Kabla ya umeme, katika majumba ya wakubwa wa kikoloni, panka ilikuwa ni kitambaa kipana kilichotundikwa darini, na chini yake au nje ya mlango aliketi kijana akivuta kamba mchana kutwa ili bwana apate upepo. Kijana huyo ndiye "boi" wa panka. Panka ya umeme ya kutundika darini ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1880, na ilipoenea kwetu ikachukua kazi ya yule kijana pamoja na jina lake. Leo kazi ile inafanywa na mota ndogo, nasi tunalalamika ikichelewa kuwaka.

Sasa niingie katika maudhui. Inafaa ieleweke mwanzo kabisa kwamba panka haipoozi hewa. Ukiiacha ikizunguka katika chumba kitupu tangu asubuhi hadi jioni, chumba hicho hakitapungua joto hata kidogo. Kwa hakika mota yenyewe itaongeza joto kidogo. Inachofanya panka ni kusukuma hewa juu ya ngozi ya mtu ili jasho likauke, na jasho likikauka mwili hupoa. Kwa hiyo, panka ni ya mtu, si ya chumba. Asiyekuwemo ndani hana haja nayo, na taa ya ofisini na panka ya ofisini zizimwe kwa mkono mmoja. Tena joto likipanda mno, upepo nao hugeuka kuwa joto: Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hewa ikishapita nyuzi 40 za Selsiasi panka isitegemewe, kwa kuwa hapo huuchoma mwili badala ya kuupooza. Siku kama hizo dawa ni maji, kivuli na kitambaa kilichoroweshwa.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu kosa kubwa tunalolifanya, visiwani na bara, ni kuchagua panka kwa kuitazama panka. Mtu huenda dukani, akaona ina mabawa ya rangi ya dhahabu na taa tatu katikati, akauliza bei, akalipa. Mahali itakapotundikwa hapakuulizwa. Hapa Nachingwea mna ushahidi wa kosa la namna hiyo katika kipimo kikubwa kuliko vyote nilivyopata kuvisoma. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mpango wao wa karanga, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta na mitambo kwa mamia, mingine ikiwa ni masalio ya vita, na ikajengwa reli kutoka Mtwara kuja huku. Udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, ukavunja vyuma vyao. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kupotea, na reli nayo ikaja kung'olewa katika miaka ya 1960. Wazee wa hapa waliujua udongo wao na mvua zao, lakini hawakuwa katika kamati.

Basi tuliulize dari kabla ya kuliuliza duka. Nitaanza na ndani.

Nyumba nyingi nilizozipita tangu nilipofika ni za bati, na baadhi hazina dari. Ukiinua macho unaiona kenchi na bati lenyewe. Nyumba ya namna hii, saa nane za mchana katika mwezi wa Novemba, ina tabaka la hewa ya moto chini ya bati, na ukitundika panka karibu na bati utaichota hewa hiyo na kuimwaga juu ya vichwa vya watu. Mwalimu mmoja amenieleza hapa kwamba wanafunzi wake humwomba aizime panka mchana. Wanafunzi hao wanajua wanachokisema. Kama fedha ni kidogo, zianzie kwenye dari: ubao wa dari au jipsam, na matundu ya kutolea hewa katika kuta za pembe tatu chini ya paa. Panka ifuate baadaye. Kama dari haiwezekani kwa sasa, basi panka iteremshwe kwa bomba refu, mbali na bati, na madirisha ya pande mbili yaachwe wazi ili hewa ya moto ipate njia ya kutokea.

Kimo ndilo jambo la pili, na hapa nawaomba sana mnisikilize. Mabawa yasiwe chini ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Kati ya mabawa na dari ziachwe sentimita 20 hadi 30, ama sivyo panka haitapata hewa ya kusukuma. Na ncha ya bawa iwe mbali na ukuta au kabati kwa nusu mita. Fanyeni hesabu nyumbani. Nyumba ambayo kuta zake zina kimo cha mita 2.4 haina nafasi ya panka ya darini, hata ikiwa nzuri namna gani. Nyumba hiyo inataka panka ya ukutani au ya kusimama, na hakuna aibu katika hilo.

Hatari ni kubwa zaidi katika mabweni ya skuli zenye vitanda vya ghorofa. Mtoto aliyelala juu akiinuka usiku kutafuta shuka, kichwa chake kiko wapi? Nimeliona bweni moja, sitasema wapi, ambalo mtoto wa kitanda cha juu aliweza kuligusa bawa kwa kunyoosha mkono akiwa amekaa. Walioitundika walisema waliamrishwa watundike panka sita, wakatundika sita. Katika mabweni panka ziwekwe ukutani, zenye wavu wa kinga, au zitundikwe katika njia ya katikati ambapo hapana kitanda.

Kuhusu ukubwa, panka hupimwa kwa upana wa duara la mabawa yake, na madukani kwetu bado hupimwa kwa inchi. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinatosheka na panka ya inchi 42 hadi 48. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinataka inchi 48 hadi 56, na hii ya inchi 56 ndiyo iliyojaa zaidi madukani. Ukumbi au darasa lenye urefu unaozidi mita 5 lisipewe panka moja kubwa. Lipewe mbili au zaidi, kila moja ikiwa juu ya mahali watu wanapokaa. Mara nyingi panka hutundikwa katikati ya chumba kwa ajili ya uzuri, ilhali meza ya karani iko pembeni na kitanda kiko upande wa pili. Katikati ya chumba hapakai mtu.

Nisipotaja chandarua nitakuwa sikuwatendea haki. Malaria bado ipo katika mikoa hii ya kusini, na daktari yeyote atakwambieni kwamba watu wengi huacha kulala ndani ya chandarua si kwa ukaidi bali kwa joto. Chandarua hupunguza upepo, hilo ni kweli. Kwa sababu hiyo panka ya chumba cha kulala ichaguliwe na kutundikwa kwa kuzingatia chandarua: iwe na nguvu ya kutosha kupenya wavu, na iwe juu ya kitanda au karibu nacho. Chandarua chenyewe kiwe cha pembe nne, kilichofungwa kwenye nguzo za kitanda, chini ya mabawa na mbali nayo. Kile cha duara kinachoning'inia kutoka darini hakipatani na panka. Upepo hukirusha, siku moja bawa hukinasa, na kilichomo ndani ni mtoto. Wako wanaosema kwamba upepo wa panka unafukuza mbu. Ni kweli kwamba mbu ni dhaifu wa kuruka na upepo humsumbua. Lakini umeme ukikatika saa tisa za usiku, panka husimama na mbu hurudi, nawe umelala wazi.

Tena ndoano. Panka yenyewe haina uzito mkubwa, ni kilo chache tu, lakini ikizunguka huvuta na kutikisa mchana na usiku, miaka kumi. Ndoano ishike boriti, kenchi au zege. Kamwe isishike ubao wa dari au jipsam peke yake. Kwa wasomaji wa Mji Mkongwe, ambao dari zao ni za boriti za mikoko na chokaa, naongeza kwamba chuma kizungushwe boriti nzima iliyo hai, wala kisipigwe parafujo katika plasta au katika boriti iliyoliwa. Huku kwenu adui ni mchwa. Gongeni mti wa kenchi kwa nyundo kabla ya kutundika kitu. Ukitoa sauti ya ngoma, ndani hamna mti. Fundi asisahau pini ya kuzuia boliti isilegee, na ukipatikana waya wa usalama wa kuishika panka iwapo bomba litachomoka, ufungwe. Mafundi wengi huutupa pamoja na sanduku.

Sasa tutoke nje, ambako ndiko fedha nyingi hupotea.

Mahali pa nje si pamoja. Ipo baraza iliyofunikwa na paa pana, ambayo mvua haifiki ila unyevu hufika. Upo ukumbi wazi ambao mvua ya upepo huingia kutoka upande mmoja. Na kuna mahali palipo wazi kabisa. Panka ya kawaida ya ndani haifai hata mojawapo ya mahali hapo, kwa sababu mota yake haikuzibwa na waya zake hazikukingwa. Panka zilizotengenezwa kwa ajili ya nje huandikwa. Zile zinazotoka Marekani husema waziwazi kama ni za mahali penye unyevu au za mahali penye maji, na hizo mbili si kitu kimoja: ya unyevu isinyeshewe. Nyingine huandikwa herufi IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi na vitu, ya pili ni kinga dhidi ya maji. IP44 hustahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, na hiyo yafaa kwa baraza. Penye vumbi jingi tafuteni tarakimu ya kwanza isiyopungua 5. Panka isiyoandikwa chochote ihesabiwe kuwa ni ya ndani, hata muuzaji akiapa.

Hapa visiwa na Namungo vinaachana njia. Kwetu adui wa panka ya nje ni chumvi. Hewa ya bahari huingia katika parafujo, ikala chuma cha mabawa, na miaka miwili haiishi kabla ya kutu kuanza kudondoka juu ya sahani za chakula. Nami nikiri kosa langu. Nilinunua panka ya bei nafuu, yenye mabawa ya ule ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, nikaitundika katika baraza ya nyumba yangu, hatua chache kutoka pwani. Masika ya kwanza mabawa yalikunywa unyevu yakainama kama majani ya mgomba. Nikayaacha, kwa kuwa ilikuwa bado inazunguka. Masika ya pili parafujo za bomba zilikuwa zimekwisha kuliwa, na usiku mmoja ikaanguka juu ya mkeka. Watoto walikuwa wamekwisha ingia ndani kulala. Mabawa ya baraza ya pwani yawe ya plastiki ngumu au alumini iliyopakwa rangi, na parafujo ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ubao ule wa gundi ubaki vyumbani.

Huku kwenu chumvi hakuna, lakini kuna vumbi. Tangu mvua zinapokwisha mpaka zirejeapo mwishoni mwa mwaka, vumbi jekundu hukaa kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, likaganda, panka ikapungua mwendo na kuanza kuyumba. Watu huita fundi, fundi hubadilisha mota. Kumbe ilitaka foronya kuukuu: zima panka, valisha bawa foronya, vuta taratibu, vumbi lote hubaki ndani ya foronya na halimwagiki kitandani. Kila mwezi, na kila wiki wakati wa kiangazi.

Nimepelekwa pia kuona ghala la korosho la chama cha msingi. Nyote mwajua kuliko mimi kwamba msimu wa korosho huangukia katika miezi ya joto, kuanzia Oktoba, na kwamba korosho za Ruangwa, Nachingwea na Liwale hukusanywa chini ya chama kikuu cha RUNALI, zikasubiri mnada. Wachukuzi hufanya kazi katika ghala hilo siku nzima. Katika mahali kama hapo ile mita 2.3 niliyoitaja haitoshi. Mchukuzi mwenye gunia begani, au mama mwenye ndoo ya maji kichwani katika baraza ya zahanati, kimo chake si kimo cha mtu. Ongezeni mzigo na mkono ulioushika. Panka za ghala ziwe katika mita 3 au zaidi, au ziwe kubwa za ukutani zenye wavu, zenye mota iliyozibwa, na zielekezwe kwenye njia ya wachukuzi. Sikuona ghala ambalo limefanya hivyo. Mtu anayebeba magunia katika joto hilo anastahili upepo kuliko sisi tunaoandika barua.

Baraza za zahanati, mahali pa kina mama kusubiri na watoto, zinastahili kutangulizwa katika mgao wowote. Kwa baraza iliyo wazi pande tatu upepo hutawanyika haraka, kwa hiyo ichukuliwe panka kubwa zaidi kuliko ya chumba cha ukubwa huohuo. Waya zipite ndani ya bomba, swichi iwe ndani ya jengo au ndani ya kisanduku kisichoingia maji, na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, uunganishwe. Nasema hili kwa sauti kubwa kwa sababu nimeona mara nyingi waya huo umekatwa na kukunjwa, kwa hoja kwamba panka inazunguka bila ya huo. Itazunguka. Siku maji yatakapoingia katika mota, mtu atakayeshika bomba lake kwa mkono uliolowa ndiye atakayekuwa waya wa ardhi. Katika saketi za nje kiwekwe pia kile kifaa kinachokata umeme mara moja unapovuja. Kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni. Huku bara leseni za mafundi wa umeme hutolewa na EWURA, na mwananchi ana haki ya kuomba aoneshwe.

Nipite haraka katika umeme na gharama. Umeme wetu ni volti 230, pande zote mbili za Muungano. Panka za mtumba zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni za volti 120, na za Japani ni 100. Ukiiunganisha hapa itazunguka kwa kasi ya ajabu kwa muda mfupi, kisha itatoa moshi. Someni kibandiko kabla ya kulipa, na tafuteni alama ya TBS, au ya ZBS kwa walioko visiwani.

Panka ya kawaida ya inchi 56 hutumia wati 70 hadi 80. Siku hizi ziko panka zenye mota isiyo na brashi, ambazo sanduku lake huandikwa BLDC, nazo hutumia wati 30 hivi kwa upepo uleule. Bei yake ni kubwa zaidi. Tufanye hesabu ya ofisi yenye panka kumi za wati 75. Zikiwashwa saa 8 kwa siku, siku 22 za kazi, ni uniti 132 kwa mwezi. Zikiwa za wati 30 ni uniti 53 hivi. Lakini ofisi hiyohiyo yenye panka za zamani ikiziacha zikizunguka usiku na mchana mwezi mzima, ni uniti 540. Kabla ya kuomba fedha za kununua panka mpya zinazookoa umeme, mkuu wa ofisi aende kazini Jumapili moja bila ya kutangaza, asikilize ndani kuna sauti gani.

Kwa wale wa vijijini wanaotumia umeme wa jua, zipo panka za volti 12 zinazounganishwa moja kwa moja na betri, zenye wati chache tu. Hizo zinafaa zaidi kuliko kununua panka ya volti 230 na kisha kutafuta mashine ya kuugeuza umeme.

Vilevile, regyuleta za zamani, zile kubwa zinazopata moto, hupunguza mwendo wa panka kwa kuugeuza umeme kuwa joto. Mwendo hupungua lakini bili haipungui kwa kiasi hicho. Za kisasa hazina kasoro hiyo. Na panka iliyokuwa nzuri ikianza kuzunguka kwa uvivu, au ikahitaji kusukumwa kwa fimbo ili ianze, mara nyingi iliyokufa ni kapasita, kidude kidogo cha bei nafuu. Fundi akisema mota imeungua, mwulize kwanza kama amekwisha jaribu kapasita nyingine. Mota iliyoungua kweli ina harufu yake, wala haihitaji maelezo.

Jambo jingine la ofisini ni wakati wa kununua. Mwaka wa fedha wa Serikali humalizika Juni 30. Mwezi wa Juni ndio mwezi wa ubaridi, na ndio mwezi ambao fedha zilizobaki hukimbilia dukani. Panka hununuliwa wakati ambapo hapana anayeihitaji, huwashwa dakika moja mbele ya mkaguzi wa mapokezi, ikatiwa saini, na kasoro zake hujulikana Novemba, wakati dhamana ya muuzaji imekwisha. Afisa ugavi aandike katika mkataba kwamba muda wa dhamana uvuke msimu wa joto. Pia panka ya kupokelewa iwashwe kwa saa moja, mwendo wa juu kabisa, na mtu akae chini yake. Iwapo haitoi upepo ilhali inazunguka vizuri, itazamwe pembeni mwa mota: baadhi zina kitufe cha kugeuza mzunguko, kwa ajili ya nchi za baridi ambako hupenda upepo uende juu. Kwetu kitufe hicho kibaki upande mmoja daima.

Mwisho nataka kueleza kwa nini mimi, mtu wa visiwani, nimelishika jambo hili. Umeme wetu Unguja hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 umeme ulikatika kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na tangu Desemba 2009 ukakatika tena kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Katika miezi ile mitatu panka zote zilisimama, tena katika joto la kaskazi, na hapo ndipo tulipojua nyumba zetu zilivyo. Waliokuwa katika nyumba za kale, zenye dari za juu, kuta nene na madirisha yanayotazamana, walilala. Sisi tuliojenga nyumba mpya zenye madirisha upande mmoja, tukitegemea panka itatutengenezea upepo, tulitoa mikeka tukalala barazani, na mbu wakatufuata huko. Tangu hapo mtu akiniuliza anunue panka gani, humwuliza kwanza nyumba yake ina madirisha mangapi na yanatazama wapi. Ikiwa bado hajapaua, humwambia arudi kwa fundi wake aongeze kozi mbili za matofali na dirisha moja.

Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa na maneno mengine, lakini saa inakaribia adhuhuri nami najua mna maswali. Kabla hatujayaanza, nina ombi moja. Katika ukumbi huu zimo panka nne, na tangu niliposimama hapa nimekuwa nikiitazama ile ya tatu, upande wa madirisha. Inayumba, na pini yake siioni. Namwomba fundi aliyeko nyuma aizime na apande kuitazama, na ndugu walioketi chini yake wasogee huku mbele, nafasi zipo.